Karatasi ya Damu Inaposema Kingamwili Zimezidi
(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Utete)

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani hapa Utete, na wenzenu wa Ikwiriri, Mohoro, Kibiti na Nyamisati, na pia wale wa visiwani katika delta, ambao najua huja darasani kwa kufuata maji kujaa na kupwa, wala si kwa kufuata saa ya ukutani. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: KINGA, KINGAMWILI, MZIO. Wanafunzi wayasome kwa sauti, silabi moja moja: ki-nga, ki-nga-mwi-li, m-zi-o.

Neno la kwanza mnalijua. Chandarua ni kinga ya mbu, na mwavuli ni kinga ya mvua. Neno la pili ni geni kidogo. Kingamwili ni vitu vidogo mno vilivyomo katika damu, visivyoonekana hata kwa darubini ya zahanati, ambavyo mwili huvitengeneza wenyewe ili kupambana na vijidudu vya maradhi. Neno la tatu, mzio, ni la zamani sana. Wazee wetu walilitumia kwa chakula ambacho mtu hapatani nacho, ama kwa kuwa ni mwiko wa ukoo wake, ama kwa kuwa kila akikila humdhuru. Madaktari wamelichukua neno hilo na kulipa kazi nyingine. Kwao mzio ni hali ya mwili kukipiga vita kitu kisichokuwa na madhara kwa watu wengine, kama vumbi la nyumbani, samaki, au manyoya ya paka, kana kwamba ni adui aliyeingia. Watu wengine huiita aleji.

Sasa nitawaambia kwa nini nimechagua habari hii. Siku hizi watu wetu wengi hupelekwa hospitali kubwa za Dar es Salaam. Hutolewa damu, na hurudi nyumbani na karatasi. Katika karatasi hiyo mna herufi na tarakimu, na pengine mbele ya tarakimu moja pamechorwa mshale unaoelekea juu, maana yake kitu hicho kimezidi. Daktari ana wagonjwa wengi, huenda akaeleza upesi. Mgonjwa naye ana hofu, husikia nusu na kusahau nusu. Akifika nyumbani humwita yule anayejua kusoma. Na anayejua kusoma, ndugu zangu, sasa ni wewe. Utasoma "zimezidi", na jamaa wote watakutazama usoni wakingoja uwaambie maana yake.

Hapo ndipo mambo huharibika. Tuseme karatasi ni ya mvuvi wa delta mwenye kikohozi na muwasho. Watu wa nyumbani watasema: damu ina mzio, basi aache kamba, aache pweza, aache samaki wote. Mtu aliyekula samaki tangu utotoni ataanza kula ugali kwa chumvi, na watoto wake pamoja naye, kwa ajili ya mshale mmoja. Tuseme tena karatasi ni ya mtoto mchanga ambaye mama yake anaishi na virusi vya UKIMWI, nayo yasema kingamwili zimeonekana. Mama akidhani mtoto amekwisha kuambukizwa, huenda akakata tamaa asirudi kliniki. Haya si mambo ya kitabuni. Chakula cha nyumba nzima na uhai wa mtoto vimo ndani yake.

Ili tuelewe mshale ule, twendeni kwanza kwenye mashamba yetu ya mpunga.

Mpunga unapoanza kukomaa, kila mwenye shamba hujenga dungu, akapanda juu yake na kulinda. Ndege wakija, hupiga makelele na kugonga makopo. Nguruwe wakija usiku, hupiga makelele vile vile. Basi wewe ukiwa umelala kijijini, ukisikia makelele yametoka katika madungu yote kwa pamoja, wajua nini? Wajua kwamba pana jambo. Lakini kama ni ndege, au nguruwe, au kiboko, au ni kijana mmoja mwoga aliyeona kivuli cha mgomba akawaamsha wenzake, makelele hayo peke yake hayakwambii. Na jambo jingine: makelele mengi si ushahidi kwamba mpunga umesalimika. Yawezekana walinzi wanapiga kelele usiku kucha, na nguruwe wanakula vile vile.

Kingamwili ni kama makelele hayo. Zikizidi, pana jambo. Jambo gani, hapana budi tukatazame shambani.

Sasa, kingamwili si za namna moja. Ziko aina tano, na wataalamu wamezipa herufi. Mwalimu, andika: IgG, IgA, IgM, IgE, IgD. Msiogope herufi hizi; herufi mbili za kwanza ni jina la ukoo, na ya tatu ni jina la mtoto. IgM hutangulia mbele mwili unapokutana na adui mpya. IgG hufuata, nayo hukaa miaka mingi. Ndiyo maana mtu aliyepata surua utotoni haipati tena. IgG ina sifa moja ambayo nawaomba muikumbuke mpaka mwisho wa somo: huvuka kondo la nyuma, ikatoka kwa mama kumwendea mtoto aliye tumboni. IgA imejaa katika maziwa ya mama, katika mate na katika utumbo. IgD tutaiacha. Imebaki IgE, na hiyo ndiyo yenye maneno mengi katika karatasi za mzio.

Habari ya kugunduliwa kwake inafurahisha, kwa kuwa ilianza na samaki. Katika mji wa Breslau, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani na leo ni Wrocław wa Poland, walikuwako madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa. Akila, mwili huwasha na kuvimba. Mwaka 1921 walitangaza jaribio lao. Prausnitz alichukua maji ya damu ya mwenzake akajidunga mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo. Kesho yake akadunga mahali pale pale dawa iliyotengenezwa kwa samaki. Pakavimba na kuwasha, ijapokuwa Prausnitz alikuwa akila samaki bila taabu yoyote. Basi ikajulikana kwamba katika damu ya mwenye mzio mna kitu ambacho chaweza kuhamishwa. Kitu gani? Ilipita miaka 45. Mwaka 1966 mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walikitambua, na mwaka uliofuata S. G. O. Johansson na Hans Bennich wa Uppsala, Sweden, wakakifikia kwa njia nyingine. Mwaka 1968 pande zote mbili zilikubaliana kukiita IgE.

IgE ni chache kabisa katika damu, maelfu ya mara chini ya IgG. Lakini ina ukali wake. Hujishikiza juu ya chembe fulani zilizotanda katika ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kitu inachokitambua kikipita, chembe hizo humwaga kemikali kama histamini. Hapo ngozi huwasha, pua hutiririka, kifua hubana, tumbo huendesha. Mtu huona ni taabu tupu. Lakini tazameni vizuri: kupiga chafya, kukohoa, kutoa makamasi, kuharisha, yote ni njia za kukitoa kitu nje. Wataalamu wengi wanaona kwamba kazi ya asili ya IgE ni kupambana na minyoo na wadudu wengine wakubwa, ambao chembe nyeupe ya damu haiwezi kuwameza kama inavyomeza kijidudu kidogo. Mzio ni silaha hiyo hiyo iliyoelekezwa mahali pasipofaa.

Na hapa ndipo ninapotaka mwandike kitu katika madaftari yenu. Andikeni tarakimu 100.

Karatasi nyingi za hospitali huandika kwamba IgE ya mtu mzima isizidi yuniti 100 hivi kwa kila mililita moja ya damu; nyingine huweka kikomo juu kidogo. Kikomo hicho kimetoka wapi? Kimetoka kwa watu waliopimwa katika nchi za baridi, ambako minyoo imekwisha adimika. Huko mtu mwenye IgE nyingi, mara nyingi huwa kweli ana pumu, ukurutu au mafua ya mzio. Lakini mapema kabisa, mwaka 1968, Johansson na wenzake walipima damu ya watoto wadogo wa Ethiopia wakailinganisha na ya watoto wa Sweden. IgE ya watoto wa Ethiopia ilikuwa imezidi mara nyingi, na waliokuwa na minyoo ya tumbo walizidi zaidi. Hawakuwa taifa la wenye mzio. Walikuwa watoto wenye minyoo. Katika nchi zenye minyoo mingi si ajabu kumkuta mtu ana IgE ya elfu moja, elfu mbili au zaidi, naye analima, anavua, na kamba anawala.

Tukitazama Rufiji yetu, adui wa namna hiyo hawakosekani. Iko minyoo mikubwa ya tumbo. Iko safura, inayopenya nyayo za mtu anayekwenda peku katika udongo wenye unyevu. Kiko kichocho cha mkojo, kinachopatikana katika maji yenye konokono. Yako matende na mabusha, ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Kila mmoja katika hao huweza kuipandisha IgE. Basi mshale unapoelekea juu katika damu ya mtu wa Utete, swali la kwanza si "aache kula nini?" Swali la kwanza ni "amepimwa minyoo?"

Huenda mmoja wenu anasema: mimi karatasi yangu haikupima IgE yote kwa jumla, ilipima ya kitu kimoja kimoja, na mbele ya neno kamba imeandikwa kwamba ipo. Swali zuri. Kipimo cha namna hiyo ni bora kuliko kile cha jumla, lakini nacho huweza kumchanganya mtu. Katika nyama ya kamba mna protini inayofanana sana na ile iliyomo katika mende na katika wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Mtu ambaye mwili wake umechukizwa na mende au vumbi, damu yake huweza kuonyesha alama kwenye kamba pia, kama mlinzi anayempigia kelele ndugu wa mwizi kwa kuwa sura zao zinafanana. Kwa hiyo daktari mwenye busara huuliza: ukila kamba inakuwaje? Kama unakula na huoni lolote, alama ile haitoshi kukunyima kitoweo. Kama ukila midomo huvimba, mwili mzima huwasha, unatapika au koo linabana, tena ndani ya dakika chache au saa moja mbili, basi hata kama karatasi ni nyeupe kabisa, acha kamba uende hospitali.

Naomba hili la pili lisipotee. IgE ndogo haimtoi mtu katika hatari. Warina asali wanajua kwamba nyuki mmoja aliweza kumwangusha mtu ambaye mwaka jana aliumwa na nyuki kumi asiseme neno. IgE yake ya jumla huenda ikawa chini ya 100, lakini hiyo kidogo yote inamlenga nyuki. Mtu akivimba uso, akikosa pumzi au akizimia baada ya kuumwa na nyuki au baada ya kula kitu, msisubiri kipimo wala karatasi. Mlazeni, mwinueni miguu, na kama anakosa pumzi mwacheni aketi, kisha mkimbizeni kwenye kituo cha afya. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, na dakika zina thamani.

Sasa nitakuja kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Iko minyoo midogo sana iitwayo strongiloidi. Huingia kwa nyayo kama safura, lakini ina tabia ya peke yake: huzaana ndani ya mtu yule yule, kwa hiyo huweza kukaa miaka mingi bila yeye kukanyaga tena udongo mchafu. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili, wakajengeshwa reli ya Burma, walikutwa nayo miaka zaidi ya 30 baada ya kurudi kwao. Minyoo hii hupandisha IgE, huleta muwasho na pengine kikohozi. Basi mgonjwa huonekana kama mwenye mzio. Na dawa moja ya mzio mkali na pumu ni vidonge vya prednisoloni, ambavyo hutuliza kinga ya mwili. Mnaona hatari ilipo? Walinzi wanaambiwa washuke katika madungu, na nguruwe wamo shambani. Strongiloidi wakipata nafasi hiyo huongezeka kupita kiasi, huenea mwilini, na mgonjwa huweza kufa.

Sisemi mtu aache prednisoloni aliyopewa. Dawa hiyo imeokoa wengi wenye pumu, na kuiacha ghafla nako kuna hatari yake. Nasema mgonjwa amwambie daktari: "Mimi natoka Rufiji, nimelima mabondeni peku tangu utoto. Je, nimepimwa minyoo?" Maneno hayo machache ni yake mgonjwa kuyasema, kwa kuwa daktari hakuyaona maisha yake. Na ajue kwamba kupima choo mara moja mara nyingi hakuwaoni strongiloidi. Dawa yao ni ivermektini, ambayo pamoja na albendazoli ndiyo iliyogawiwa watu wote katika kampeni ya matende, iliyoanzia kwa jirani zetu wa Mafia mwaka 2000.

Minyoo na mzio wana uhusiano mwingine wa ajabu, nami nitaupita upesi. Mwaka 2000 watafiti walitangaza habari za watoto wa shule 520 wa Gabon: wenye kichocho ngozi zao zilichukizwa na vumbi kwa nadra kuliko wasio na kichocho. Na Entebbe, Uganda, wanawake wajawazito 2,507 waliingia katika utafiti. Nusu walipewa albendazoli na nusu kidonge kisicho na dawa. Ilionekana kwamba watoto wa waliopewa dawa walipata ukurutu zaidi. Yaonekana minyoo, ili ikae kwa amani, huutuliza mwili uliomo. Wako watakaosikia haya na kusema, basi tuache kunywa dawa za minyoo. La, hasha! Ukurutu unawasha, safura inanyonya damu, na mama asiye na damu akitokwa na damu wakati wa kujifungua huenda asiamke. Dawa ya minyoo inayotolewa kliniki baada ya miezi 3 ya mwanzo ya mimba, mama ainywe.

Tumesema juu ya makelele mengi kwa sababu ya adui wengi. Sasa tuseme juu ya makelele mengi kwa sababu ulinzi wenyewe umeharibika. Watu hudhani mwenye upungufu wa kinga mwilini lazima awe na kingamwili chache. Wako wa namna hiyo, lakini wako pia ambao kingamwili zao zimejaa tele, na hawana kinga.

Mwaka 1966 madaktari wa Marekani waliandika habari za wasichana wawili waliopatwa na majipu yasiyokwisha tangu utoto. Majipu hayo yalikuwa ya ajabu, hayakuwa na joto wala wekundu kama majipu ya kawaida. Wakauita ugonjwa huo kwa jina la Nabii Ayubu, ambaye habari za mateso yake mnazijua. Mwaka 1972 ikaonekana kwamba wagonjwa wa namna hiyo wana IgE nyingi mno, na mwaka 2007 ikajulikana kwamba kosa limo katika urithi wa mwili, si katika chakula wala vumbi. Ugonjwa huu ni nadra sana, na sitaki mtu aende nyumbani akamtazame kila mtoto mwenye jipu kwa hofu. Lakini mtoto anayepata majipu makubwa tena na tena, na nimonia tena na tena, na ukurutu tangu uchanga, huyo IgE yake ikizidi haifai kusemwa ni minyoo au mzio tu. Apelekwe mbele.

Upungufu tunaoujua zaidi ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Virusi vyake vinashambulia chembe nyeupe ziitwazo CD4, ambazo ndizo msimamizi wa walinzi wote. Msimamizi akipigwa, walinzi hawakai kimya. Hupiga kelele ovyo, kila mmoja kwa upande wake. Ndiyo maana mtu ambaye VVU vimemdhoofisha huweza kukutwa na jumla kubwa ya kingamwili, na IgE nayo huweza kupanda, hali kifua kikuu kinamwingia bila kizuizi. Mshale wa juu hapo si dalili ya nguvu.

Na kipimo cha kawaida cha VVU, kile cha tone la damu kidoleni, hakitafuti virusi wenyewe. Kinatafuta kingamwili za VVU. Kwa mtu mzima zikionekana, na vipimo vya kuthibitisha vikikubali, maana yake ameambukizwa. Kingamwili za surua humlinda mtu. Hizi za VVU hazimwondolei virusi. Anahitaji dawa, na kwa dawa ataishi.

Lakini kwa mtoto mchanga maana hubadilika. Niliwaomba mkumbuke kwamba IgG huvuka kondo la nyuma. Kingamwili za VVU za mama ni IgG. Kila mama mwenye VVU humpa mtoto wake kingamwili hizo, hata kama hakumpa virusi. Kwa hiyo mtoto mchanga akipimwa kwa kipimo kile cha kidole na kingamwili zikaonekana, hizo huenda ni za mama yake. Huisha polepole, na kwa watoto wengine hubaki mpaka karibu miezi 18. Kabla ya hapo mtoto hupimwa kwa njia nyingine: kwa kawaida akiwa na wiki 4 hadi 6 hutobolewa kisiginoni, matone ya damu hukaushwa juu ya kadi, na maabara hutafuta virusi vyenyewe. Mtoto wa mama anayemeza dawa zake vizuri mara nyingi sana hukutwa salama. Kipimo cha mwisho hufanywa baada ya miezi 18, tena akiwa amekwisha kuacha kunyonya. Mama akikata tamaa katikati, hukosa majibu, na mtoto hukosa dawa ya kinga. Ukiitwa kusoma karatasi ya namna hiyo, jambo la kwanza kutazama ni umri wa mtoto na jina la kipimo, kabla ya neno lolote jingine.

Mimi ni mtu wa elimu, si mganga, wala sitaki mtoke hapa mkawaganga watu. Kazi yenu ni kusoma sawasawa na kumsaidia mgonjwa aulize. Amwulize daktari ni kingamwili ya aina gani iliyozidi, na ni ya jumla au ya kitu kimoja. Naye aeleze anakula nini na kinamfanya nini, anafanya kazi wapi, analala wapi, na mara ya mwisho alikunywa lini dawa ya minyoo. Kama amekunywa juzi, akumbuke kwamba IgE haishuki kwa siku moja, huchukua miezi.

Na akitumwa kupimwa, aende kwa saa inayofaa, maana adui hawa wana saa zao. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri huenda usiyaonyeshe. Vijidudu vya matende hutoka katika damu ya juu kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, wakati mbu wanaovibeba wanapouma. Ndiyo maana wazee wanakumbuka wapimaji waliokuja vijijini na taa usiku wa manane, watu wakawanong'onea kuwa ni wanyonya damu. Siku hizi kuna kipimo cha matende kinachoweza kufanywa saa yoyote.

Mwalimu wa darasa, sasa futa ubao uandike mfano huu: "Mwanamke, miaka 34, mkulima wa mpunga. IgE 1,850. Kikomo 100. Anawashwa miguuni. Anakula samaki kila siku bila taabu." Wanafunzi wasome, kisha kila mmoja aandike maswali mawili ambayo angemshauri mama huyu amwulize daktari. Madaftari yakusanywe, tuyasahihishe juma lijalo saa hii hii. Kwaherini.